Mwisho wa wiki wa mbio za pikipiki Pemba: kuanzia gereji hadi Jumatatu asubuhi

Mzunguko wa tatu, Jumamosi asubuhi, pikipiki yangu ilikohoa mara mbili ikazima katikati ya mchanga. Nikaisukuma hadi chini ya mwembe, nikafungua kabureta, nikasafisha jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, nikabadilisha plagi, nikapiga kiki mpaka goti likauma. Ikawaka. Nikarudi njiani, na mzunguko wa tatu tena ikazima palepale. Kijana mmoja wa Wete, aliyekuja kuangalia tu, akaniambia, "Kaka, hebu fungua kifuniko cha tangi." Nikafungua. Tangi likavuta pumzi kwa sauti, fsss, na petroli ikaanza kushuka. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na tope jekundu lililokauka. Sindano ya kushonea ingemaliza kazi ile kwa nusu dakika.

Mwongozo huu ni kwa sisi tunaokimbia kwa mapenzi, kwenye kiwanja cha udongo, na pikipiki ileile inayotupeleka kazini Jumatatu. Hatuna gari la spea wala fundi wa kuajiriwa. Chombo kikivunjika, kilichovunjika ni riziki. Kwa hiyo kila hatua hapa inalenga mambo mawili: kumaliza mbio zote za Jumapili, na kurudi nyumbani ukiwa umepanda, siyo ukiwa umepakiwa kwenye gari ya ng'ombe.

Kiwanja na ruhusa

Barabara ya umma si mahali pa kushindana, hata saa tisa ya usiku ikiwa haina mtu. Hilo halina mjadala. Tafuta ardhi ambayo mwenyewe anajulikana na ameridhia, sheha wa shehia apewe taarifa mapema, na kituo cha polisi kipelekewe barua. Kabla ya kuchora njia, waulizeni wazee wa kijiji kama pana makaburi ya zamani, kisima, au kinjia cha watoto kwenda chuoni. Na muhogo wa mtu usikanyagwe.

Kingo za kona tunazipanga kwa magunia ya makumbi na matairi makuukuu. Gunia la makumbi makavu linampokea mtu vizuri, lakini likilowa mvua linakuwa zito kama mfuko wa saruji. Yafunikeni usiku kwa turubai.

Ninachokiogopa kuliko kona yoyote ni watazamaji. Pemba tumekulia kwenye mchezo wa ng'ombe: watu husimama karibu, fahali akigeuka wanatawanyika, wengine wanaparamia miti, na raha yenyewe iko hapo. Mazoea hayo yakiletwa kwenye pikipiki yanaua. Fahali utamwona akiinamisha kichwa. Pikipiki iliyopoteza gurudumu la mbele haitoi ishara. Fungeni kamba ya usumba mbali na njia, hatua kumi au zaidi penye mnyooko, na upande wa nje wa kona pasisimame mtu yeyote, kwa sababu chombo kikishindwa kukata kona huko ndiko kinakokwenda. Watoto wawekewe mtu mzima wa kuwaangalia, na awe hana kazi nyingine.

Kambi ya mafundi iwe joshini, upande upepo unakotoka. Kusi ikivuma, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi linaelekea kaskazini, basi kaeni kusini mwa njia. Wakati wa Kaskazi geuzeni. Gari moja lenye dereva libaki kiwanjani siku zote mbili bila kutumwa dukani, na dereva awe ameshaipita njia ya kwenda hospitali iliyo karibu, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani. Gari hilo likiondoka, mbio zinasimama mpaka lirudi.

Chombo chenyewe

Wengi wetu tuna Boxer au TVS, injini ya 125 au 150 inayopozwa kwa hewa. Inafaa. Haina shokapu ndefu za pikipiki ya motokrosi, kwa hiyo usiirushe kwenye vilima. Lakini kwenye udongo bapa wenye kona nyingi inakimbia vizuri, na spea zake zinapatikana. Mwenye pikipiki ya njia za vumbi, kama Honda XL, ana nafuu ya shokapu, ila aulize kwanza nani Pemba ana pistoni yake.

Vua kila kitu kinachoweza kuvunjika au kumchoma mtu: vioo, indiketa, taa ya mbele, karia. Stendi ya kati ing'olewe. Stendi ya pembeni ifungwe kwa ukanda wa tyubu ya zamani, kwa maana ikishuka wakati umelalia kona ya kushoto itakunyanyua na kukutupa. Madigadi ya mbele ya pikipiki ya barabarani hukaa karibu sana na tairi, na tope likijaa hapo gurudumu linagoma kuzunguka. Inyanyue kwa kuweka vipande vya bomba chini ya bolti, au ivue.

Ukitaka nguvu zaidi ya kutoka kwenye kona, usiguse injini. Badilisha sproketi, gurudumu la meno linalovuta cheni. Kupunguza jino moja mbele kunakaribiana na kuongeza matatu nyuma: mwendo wa juu unapungua, mvuto wa chini unaongezeka. Kwa kiwanja chetu cha mchanga na kona za karibu hilo linatosha, na Jumatatu unarudisha ya zamani.

Helmeti iwe na mkanda unaofunga kidevuni na alama ya E ndani ya duara. Iliyowahi kuanguka vibaya haifai tena hata kama kwa nje ni nzima. Vaa mabuti yanayofunika kifundo cha mguu, glavu, suruali ya jinzi nene, mikono mirefu na kinga ya magoti. Miwani ya kuzuia vumbi beba na kitambaa chake safi, ukitunze ndani ya mfuko wa plastiki.

Sevisi: anza Jumatano

Nasema Jumatano kwa sababu moja. Ukigundua Jumatano kwamba beringi imekufa na Chake hakuna ya saizi hiyo, ipo nafasi ya kumpigia mtu Darajani, Unguja, akuletee kwa boti kabla ya Jumamosi. Ukigundua Ijumaa jioni, umekwama.

Osha pikipiki kwanza. Uchafu huficha nyufa. Kisha anzia chini upande juu.

Magurudumu. Nyanyua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi imekwisha. Lizungushe ukitazama rimu dhidi ya mkono wa shokapu, usawa wake uuone. Halafu chukua spana ndogo, gonga spoku moja moja. Zote zitoe mlio unaofanana, mlio mkali. Iliyolegea inatoa sauti butu kama ya ubao. Kaza robo mzunguko tu kila mara, ukihamia upande wa pili wa gurudumu, la sivyo rimu inapinda. Spoku moja iliyolegea huzichosha jirani zake, na nimeona gurudumu la nyuma likikatika spoku tano kwa asubuhi moja lilipoanzia kwenye moja.

Cheni. Barabarani wengi huacha mchezo wa milimita 20 hadi 30. Kwenye mashimo shokapu ya nyuma inabonyea na cheni inakaza zaidi, kwa hiyo mwambie mtu mzito akae, pima tena pale inapokaza kuliko kote, na uhakikishe hata hapo inacheza kidogo. Cheni iliyokaza sana hula beringi ya sanduku la gia, na hiyo si kazi ya uwanjani. Klipu ya kiungo iwekwe sehemu iliyofumba ikitazama mbele, upande cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, kijiti kimoja kinaweza kuichomoa. Izungushie waya mwembamba juu yake kama unataka kulala usingizi.

Breki. Pedi zilizobaki chini ya milimita 2 zitoe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya kisiwani ni ya kunyonywa kwelikweli. Yakiwa meusi au yamekaa zaidi ya miaka miwili, badilisha kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Kwa breki ya ngoma, fungua, toa vumbi, pitisha msasa kwenye viatu vyake, paka grisi kidogo sana kwenye kijiti cha kuvisukuma. Grisi ikigusa viatu, breki imekwenda.

Hewa. Hapa nakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo injini zetu zinapouliwa. Vumbi jeupe la maweni, yaani mawe ya matumbawe, ni laini kama unga wa sembe, linapenya chujio kavu, na likiingia ndani linachanganyika na oili na kusaga pistoni na ringi. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe kivulini, lilowekwe oili ya chujio au oili ya injini, kisha likamuliwe kwa viganja bila kulisokota. Lisichuruzike. Lile la karatasi halioshwi, linapulizwa kutoka ndani kwenda nje, na kwa mbio ni bora kununua jipya. Paka grisi ukingoni linapokaa ili hewa isipite pembeni. Uwe na machujio mawili ya sponji yaliyo tayari, moja la Jumamosi na moja la Jumapili.

Injini. Oili mpya, ile iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Usiweke oili ya gari dogo yenye viungo vya kupunguza msuguano. Klachi ya pikipiki zetu inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na oili inayoteleza kupita kiasi huifanya klachi nayo iteleze. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Nyingi za ukubwa huu hutaka uwazi wa kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Plagi mpya, uwazi wa milimita 0.6 hadi 0.8 kadiri kitabu kinavyosema. Ile ya zamani inayofanya kazi usiitupe, itie kwenye sanduku.

Umeme. Fungua kila kiungo cha waya. Ukiona ukijani, chumvi imeshaingia. Kwangua, safisha, paka grisi kidogo, funga. Chunguza kofia ya plagi kama ina ufa. Swichi ya kuzimia injini ijaribiwe, maana ukianguka juu yake na gurudumu linazunguka ndiyo tegemeo lako.

Mwisho wa yote, pitia kila bolti kwa spana, kisha chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Baada ya kila mbio utatazama mistari tu. Uliovunjika unakuonyesha nati inayojifungua. Chupa moja ya rangi ya kucha ya dada yako inatosha pikipiki kumi.

Na kifuniko cha tangi: sindano ipite kwenye kitundu.

Sanduku la spea

Mkono wa klachi na wa breki, kila kimoja cha akiba. Waya wa klachi na waya wa mafuta. Ufundi mmoja hapa: pitisha waya wa pili wa klachi sambamba na ule wa kwanza, uubane kwa kamba za plastiki, ncha zikiwa zimefunikwa. Ukikatika wa kwanza, unahamisha ncha mbili na kurudi njiani kwa dakika tatu. Ongeza tyubu mbili za kila saizi, vyuma vya kutolea tairi, pampu, geji ya upepo, viungo vya cheni, plagi, fyuzi, kofia ya plagi, spoku chache, gundi ya chuma, waya wa kufungia, tepu ya umeme, mpira wa petroli wa mita moja, oili lita moja, na ndoo ya maji matamu. Tandika chini jamvi kuukuu, lile lililostaafu kuanikia karafuu. Nati ikidondoka kwenye mchanga hairudi, ikidondoka juu ya jamvi unaiona.

Petroli beba kwenye dumu la chuma lenye mfuniko mzuri, likae kivulini, mbali na wavutaji wa sigara. Kama chombo kinavuka kwa meli kutoka Unguja, petroli itolewe na ncha ya betri ifunguliwe kabla ya kupakia.

Kuusoma uwanja

Tembea kwa miguu. Siyo kwa pikipiki, kwa miguu, mizunguko miwili: mmoja kufuata njia, mmoja kuirudi kinyume. Ukirudi kinyume unaona mizizi na mawe ambayo ukija kwa mbele yamefichwa na nyasi.

Pemba ardhi hugeuka ndani ya hatua chache. Magharibi na katikati kuna vilima vya udongo mwekundu wa mikarafuu. Ukienda mashariki, kama Vitongoji, unaingia uwandani kwenye maweni, jiwe la matumbawe lenye makali, na mchanga katikati yake. Kiwanja tunachokimbilia kina yote matatu, na kila moja lina sheria yake.

Udongo mwekundu ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu, juu yake vumbi linalofanya tairi lielee. Ukiwa na unyevu wa kiasi, ndio ardhi nzuri kuliko zote: tairi linauma, unaweza kulalia kona kwa imani. Ukilowa sana unakuwa sabuni. Hatari yenyewe ni baada ya mvua ya usiku na jua la saa tatu, kwa kuwa juu unatengeneza ganda kavu na chini bado ni tope. Ukikanyaga kwa mguu unakubeba, tairi linapopita ganda linavunjika. Chomeka kijiti. Kikizama kidole kizima, kona hiyo ipite kwa gia ya juu zaidi na mafuta kidogo, bila breki ya mbele. Angalia pia sehemu zenye kivuli cha minazi na mikarafuu, kwa vile umande hukaa hapo saa nzima baada ya pengine pote kukauka.

Mchanga unataka moyo. Ukipunguza mafuta ghafla gurudumu la mbele linazama na usukani unajikunja. Rudisha uzito nyuma, tazama mbali, shikilia mafuta yaleyale, na iache pikipiki itikisike kidogo chini yako. Breki zote zimalizike kabla ya kuingia. Kwa kadiri watu wanavyopita panachimbika mifereji. Ukiuchagua mfereji, kaa nao mpaka mwisho, kwa sababu kuuruka katikati ndiko kunakoangusha.

Maweni yanataka heshima. Simama juu ya vikanyagio, magoti yakunjike kidogo, mikono ishike bila kukaza. Jiwe lenye makali linakata tairi, na likiligonga kwa nguvu tyubu inabanwa kati yake na rimu, inatoboka matundu mawili pacha kama alama ya meno ya nyoka.

Hapo ndipo suala la upepo wa tairi linapoamuliwa. Kwa mchanga mtupu ningeshusha hadi psi 16 au 18, tairi litanuke. Kwa udongo mkavu, 20. Lakini uwanja ukiwa na maweni hata kwenye kona moja, upepo uamuliwe na maweni: 22 hadi 24, na mchangani uvumilie. Tairi la barabarani lisilo na kibanio ndani ya rimu likiwa na upepo mdogo sana hujizungusha juu ya rimu na kung'oa shina la tyubu. Pima tairi likiwa baridi, na pima kwa geji. Kidole hakitoshi.

Na uwanja wa saa mbili asubuhi siyo wa saa kumi jioni. Mbio zikisimama kwa adhuhuri, tembea tena kwenye kona tatu ngumu. Njia iliyokuwa nzuri asubuhi imeshachimbika, na pengine ukingoni ambako hakuna aliyepita pamebaki udongo mzima unaouma. Kama mnamwagilia maji kupunguza vumbi, mwagieni wakati huo wa mapumziko ili yanywewe. Maji yaliyomwagwa dakika tano kabla ya kuanza yanaweka utelezi juu ya ardhi kavu, na huo ni mtego kwa wote.

Jumamosi: mazoezi

Mizunguko mitatu ya kwanza ni ya kutazama. Toka, zima, gusa. Gusa kitovu cha kila gurudumu: lililo moto kuliko mwenzake lina breki inayobana au beringi inayokufa. Tazama mistari yako ya rangi. Tazama cheni. Halafu toa plagi uisome. Rangi ya kahawia ya chai ya maziwa inamaanisha kabureta iko sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi au chujio limeziba. Nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo au kuna hewa inaingia isipotakiwa, na hapo usirudi njiani mpaka ujue kwa nini, maana injini inaungua.

Injini ya hewa haipendi kunguruma ikiwa imesimama juani. Mkisubiri zamu, zima. Mzunguko wa mwisho wa kila mbio uende taratibu ili upepo uipoze.

Ikizima njiani

Sikiliza ilivyokufa. Hilo linakuokolea nusu ya kazi. Iliyokatika ghafla kama taa iliyozimwa, mara nyingi ni umeme. Iliyokohoa, ikasita, ikarudi kidogo, ikafa, mara nyingi ni petroli. Iliyopoteza nguvu polepole huku ikigonga ndani ni joto au oili, na hiyo usiipige kiki tena mpaka umetazama oili na imepoa.

Kwanza itoe njiani, upande ambao wengine hawatakugonga. Kisha fuata mpangilio huu bila kuruka, hata kama moyo unakuambia unajua tatizo:

1. Swichi ya kuzimia iko upande wa kuwaka? Koki ya petroli iko wazi? Katika kuanguka, goti huzigusa zote mbili.
2. Fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta pumzi, umepata.
3. Kofia ya plagi imekaa? Sukuma. Vuta waya wake taratibu.
4. Toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na cheche haipo au injini imefurika. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki.
5. Iliyolowa: ipanguse, itie kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, kwa kuwa mvuke wa petroli unawaka. Piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya njano dhaifu, badilisha plagi. Hakuna kabisa, fuata waya: kofia, koili, kiungo, fyuzi, swichi.
6. Iliyokuwa kavu: legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta. Petroli isipotoka, tatizo liko juu, kwenye koki, mpira au kifuniko. Ikitoka na vitone vya maji vinavyoviringika chini kama shanga, mwaga yote. Ikitoka safi, jeti imeziba. Puliza, usichokoe kwa waya, kwa sababu jeti ni shaba laini na tundu lake likipanuka kidogo tu hesabu yote inaharibika.
7. Cheche ipo, petroli ipo, haiwaki: ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kisiposukumwa kwa nguvu, mgandamizo umekwenda. Hapo mbio zako zimekwisha, na kulikubali hilo mapema kunaokoa silinda.

Kama imeanguka ndani ya dimbwi, usipige kiki kabla ya kutoa plagi na kutazama chujio. Maji hayagandamiziki. Yakijaa juu ya pistoni, kinachopinda ni mkono wake.

Usiku wa Jumamosi

Mwaka mmoja pikipiki ya rafiki yangu ilikuwa inalia sana ikitoka kwenye kona lakini haisogei. Wote tukasema sahani za klachi zimekwisha, tukamwaga oili, tukaandaa kufungua ubavu mzima. Ami mmoja, fundi wa vespa wa siku nyingi, akaushika mkono wa klachi akaukuta hauna mchezo hata kidogo. Waya ulikuwa umekazwa kupita kiasi, kwa hiyo klachi ilikuwa imebonyezwa nusu muda wote. Akaulegeza mpaka ncha ya mkono ikacheza sentimita moja hivi. Tatizo likaondoka. Tangu hapo, kabla ya kufungua kitu kinachohitaji gasketi mpya, narekebisha kila kinachorekebishika kwa nje, na naanza na waya.

Usiku huo badilisha chujio, kaza cheni, pitisha taa kwenye fremu ukitafuta ufa, hasa karibu na vikanyagio na mahali bomba la moshi linapofungwa. Ufa ukionekana kwenye fremu au kwenye usukani, pikipiki haikimbii Jumapili. Bomba lililolegea linafungwa kwa waya na linamaliza. Kisha ule wali, unywe maji, ulale. Mtu aliyechoka anakosea nati.

Jumapili

Kifungua kinywa chepesi: boflo, chai, ndizi. Maji kidogo kidogo tangu asubuhi, na madafu ni mazuri kuliko soda. Kwenye kikao, kila mpandaji aonyeshwe bendera kwa macho yake: njano kuna hatari, usipite mtu, nyekundu wote simameni, yenye miraba mwisho.

Wakati wa kuanza, kona ya kwanza ndiyo inayokusanya watu wote mahali pamoja. Kwa chombo unachokihitaji Jumatatu, ushauri wangu ni kutoka vizuri lakini kuingia kona hiyo kwa upande wa nje, palipo na nafasi na vumbi pungufu. Utapoteza nafasi mbili. Katika mizunguko itakayofuata, waliokaba mafuta tangu mwanzo wataanza kuchoka mikono, breki zao za ngoma zitapata moto na kupoteza nguvu, na wewe utakuwa bado unaona njia.

Vumbi likiwa zito mbele yako hata huoni mtu, punguza. Anayeanguka ndani ya vumbi hana bendera mpaka mshika bendera amuone. Ukianguka wewe, toka njiani kwanza na chombo baadaye. Kabla ya kuondoka tena, hakikisha usukani umenyooka, mkono wa mafuta unarudi wenyewe ukiuachia, na breki ipo. Mkono wa mafuta usiporudi, umemaliza kwa siku hiyo.

Jumapili jioni na Jumatatu

Osha kwa maji matamu kabla tope halijakauka, bila kupiga maji ya nguvu kwenye beringi na viungo vya umeme. Iwashe dakika chache ikauke. Mwaga oili ikiwa bado na uvuguvugu, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi la kung'aa kama fedha ni la kawaida kwa kiasi kidogo, vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida, na injini hiyo inafunguliwa. Paka cheni oili usiku huohuo, kwa maana hewa ya chumvi haingoji asubuhi.

Rudisha sproketi ya barabarani, taa, indiketa, vioo, na upepo wa tairi wa kawaida. Ondoa ule mpira uliofunga stendi. Jumatatu, kabla ya kuingia barabara kuu, nenda mita 50 za mwanzo kwa mwendo wa mtu anayetembea na ubonyeze breki ya mbele mara tatu, kisha ya nyuma mara tatu.